Suruali ya mabaka na kanga ya bibi

Nianze na suruali, maana ndiyo iliyoniponza. Niliinunua soko la mitumba la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, asubuhi mapema, bello limefunguliwa muda huo huo na wenye pesa bado wamelala. Mabaka ya kijani na kahawia, mifuko sita, zipu nzima. Muuzaji akaninong'oneza kwamba hii si ya jeshi letu, ni ya wawindaji wa Ulaya, vaa bila wasiwasi. Nikamwamini kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda.

Lile tangazo la Agosti 2023, jeshi lilipotoa siku 7 raia wasalimishe nguo zote zinazofanana na sare zake, nililisikia redioni nikiwa nimeivaa. Nikajiambia hao wanatafutwa matapeli, mimi fundi simu wa Pasiansi namtapeli nani? Hata hivyo niliikunja nikaisukuma chini ya godoro. Baada ya miezi kadhaa nikahamisha godoro, nikaiona, nikafurahi kama mtu aliyeokota noti. Kilichonifanya niifiche nilikuwa nimeshakisahau.

Siku yenyewe nilikuwa namsindikiza bibi yangu, mama yake mama, ambaye ukoo mzima tunamwita Mayu. Alikuwa anaenda Dar kumwogesha kitukuu, na watoto wake wakachanga wampandishe ndege, mgongo wake usiteswe na basi la kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, zaidi ya kilomita 1,100 umekaa. Hajawahi kupanda ndege. Mimi pia sijawahi, ila hilo sikumwambia. Nilimwambia uwanja naujua kama kiganja changu, na kweli naujua: kila siku ndege zinapita juu ya kibanda changu.

Alitoka Magu na haisi ya alfajiri, akafika na mfuko wa sandarusi uliojaa michembe, dagaa kwenye ndoo ya plastiki, na doti moja mpya ya kanga, upande mmoja kichwani, mwingine mabegani. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Saa nne tulikuwa tumeshapanda bajaji.

Njiani nikawa mwalimu. Nikamweleza kwamba ule uwanja una barabara ya kurukia ndefu kuliko kilomita 3. Akasema, "Kama kutoka kwangu mpaka mnadani. Na yote hiyo ni ya kukimbilia tu?" Nikamweleza habari za mindege mikubwa ya mizigo iliyokuwa inatua hapo kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, sisi tukibaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Mapanki hakuhitaji maelezo, kasomeshea watoto kwa biashara hiyo. Nikamwambia siku hizi abiria wengine hupanda ndege za pangaboi. Hapo akamshika dereva bega.

"Baba, simamisha. Huyu anataka kunipandisha feni."

Ilichukua muda kumtuliza.

Tulipokaribia, nikamwambia dereva ashushe mapema kidogo. Nilikuwa na mpango wangu: nimpige Mayu picha na ndege nyuma yake, niirushe kwenye kundi la ukoo kabla hajaondoka, watu wa Dar waone kwamba mjukuu wa Mwanza anajua kutunza. Kwenye geti la abiria kuna watu wengi, picha inaharibika. Nikamwongoza kwenye kijia kando ya uzio, na mfuko wa michembe kichwani kwangu.

Sasa hapa lazima nieleze, kwa wasio wa huku. Uwanja wetu ni kama nyumba ya kupanga. Ua mmoja, bomba moja, lakini wapangaji wawili. Abiria wana upande wao, jeshi la anga lina upande wake, lami ya kurukia wanaitumia wote. Ukiwa mpangaji mwenye akili, unapita uani unasalimia, chumba cha mwenzio huchungulii. Mimi nilikuwa nimepita uani na nimesimama dirishani kabisa kwa mwenyewe, nimeshika kamera.

Ndege niliziona. Moja ilikuwa ya rangi ya majivu, haina maandishi ya kampuni yoyote, na mimi nikaona hiyo ndiyo nzuri zaidi kwa sababu haitangazi biashara ya mtu. Nikampanga Mayu. "Cheka, Mayu. Geuka kidogo." Yeye alikuwa haniangalii. Mayu ni mhitimu wa kisomo cha watu wazima cha miaka ya sabini, na tangu hapo hajawahi kupita maandishi bila kuyasoma kwa sauti.

"E-ne-o la je-shi," akasoma.

"Tazama huku, Mayu."

"Ha-ku-na ru-hu-sa..."

"Mayu, funga mdomo, inatoka ukiwa wazi."

Nikapiga. Kisha nikaona niingie na mimi. Nikanyoosha mkono wenye simu, nikajiweka mbele ya uzio, na kwa kuwa suruali ilikuwa inaruhusu, nikapiga saluti. Nikapiga picha ya pili. Ya tatu nikakunja uso.

"Kijana."

Sauti ilikuwa ya upole. Nikageuka nikakuta askari, umri wangu au pungufu, amevaa suruali kama yangu. Ila yake ilikuwa na shati lake, buti zake na bunduki yake.

Alimwamkia Mayu kwanza. "Shikamoo, bibi." Mayu akaitikia marahaba kwa furaha, akaongeza, "Nilimsomea. Hakusikia."

Tukapelekwa kwenye kibanda cha mlinzi, Mayu akapewa kiti kivulini, mimi nikabaki juani. Afande akaomba simu. Nikaifungua mwenyewe, vidole vinatetemeka, mimi ninayefungua simu za watu kwa bisibisi kutwa nzima. Akapitia picha moja moja. Alipofika kwenye saluti akasimama.

"Hapa unampigia nani?"

"Hakuna mtu, afande."

"Na mkono wa kushoto."

Nikaangalia. Kweli. Wa kulia ulikuwa umeshika simu. Afande akakunja uso kwa uchungu ambao hakuuonyesha hata aliponikuta na kamera. Picha, nadhani, angeweza kunisamehe. Mkono wa kushoto ulimuuma. Akanisimamisha wima, visigino pamoja, akanionyesha: kulia, kiwiko juu, vidole vimebanana, usawa wa nyusi. Nikarudia mara nyingi. Kila nikikosea, kicheko kinatoka kivulini, na si cha askari.

Kisha akafungua mfuko wa sandarusi kuukagua. Akatoa kichembe kimoja, akakigeuza, akakigonga mezani. Kikalia kama kipande cha ubao.

"Bibi, haya ni magome ya dawa?"

"Magome!" Mayu akasimama kutoka kwenye kiti. "Hiyo ni michembe, viazi vitamu vya kukausha. Wewe kwenu wapi usiyejua michembe?"

"Kisarawe, bibi. Mimi Mzaramo."

Mayu akapiga makofi mara moja. "Mzaramo! Mtani wangu!"

Nikashusha pumzi. Utani wa Wazaramo na watu wa kwetu ni wa enzi za misafara, wapagazi wanashuka kutoka bara mpaka pwani kwa miguu, na mtani huwezi kumwekea kinyongo. Nikajua nimeokoka. Mayu akamwambia wao ndio wanaouza minazi wakacheze mdundiko. Afande akajibu kwamba Wasukuma wanalaza ng'ombe sebuleni na wageni nje. Mayu akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akamhadithia vita na Amin mwaka 1979, alivyokuwa na watoto wadogo, ndege ya Libya iliyomsaidia Amin ikaja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala.

"Swala wa watu, hawana kosa lolote," akasema. Kisha akanielekezea kidole. "Lakini wewe, mtani, hujakosea. Umempata mwenyewe. Mchukue, mimi nina ndege ya kuwahi."

Nikamwita, "Mayu!"

"Nilikusomea, mume wangu."

Afande akafuta picha zote tatu, akaingia hata kule zinakokwenda zilizofutwa akazifuta tena (nilitamani kumpongeza kitaalamu, wateja wangu wengi hawajui pale). Akaniandika jina kwenye daftari. Akanipa onyo la mdomo, refu, lenye sheria ndani yake, na mimi nikaitikia ndiyo afande kila aliposhusha pumzi. Nikadhani yameisha.

"Suruali inabaki."

"Afande, ndani nimevaa bukta tu."

"Bukta ni nguo."

"Hii si nguo tena, afande."

Nilikuwa nasema kweli. Ile bukta nilikuwa nayo tangu sekondari, na sehemu ya nyuma ilikuwa imebaki lastiki na kumbukumbu. Afande akaangalia pembeni. Mayu, bila kuulizwa, akavua upande wa kanga uliokuwa mabegani, akanirushia. Nikaingia nyuma ya kibanda, nikatoka nimejifunga kiunoni, suruali nimeikunja mikononi kama mtu anayerudisha posa.

Afande akaipokea. Macho yake yakashuka kwenye pindo la kanga, pale yanapoandikwa maneno. Akasoma kimya, midomo inacheza. Akageuka akaangalia ziwa kwa muda mrefu sana.

Mayu akamsaidia, kwa sauti, silabi kwa silabi, "M-dha-ni-a-ye ndi-ye, ku-mbe si-ye."

Tulionyeshwa njia ya kwenda upande wa abiria. Nilimfikisha Mayu kwenye mlango wa ukaguzi nikiwa na mfuko kichwani, ndoo ya dagaa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika fundo la kanga. Mhudumu alimwangalia Mayu, akaniangalia mimi, akamuuliza Mayu nani anasafiri. Tulikuwa tumewahi kwa saa mbili na nusu. Mayu alinibariki kwa kuninyunyizia mate kifuani, akaingia hakugeuka.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Pesa ya bajaji ilikuwa kwenye mfuko wa nne wa suruali, ule wa gotini wenye kifungo. Kurudi kuiomba nilishindwa. Kwenye mfuko wa shati nilikuwa na nauli ya daladala, basi.

Nikapanda. Sasa fikiria mwenyewe. Kanda yetu ya ziwa kwa miaka mingi imehubiriwa tohara kinga, wanaume wazima wameitikia na ndevu zao. Na mwanaume wa makamo ya thelathini, mchana kweupe, amejifunga kanga, anapanda daladala polepole, miguu ameitanua kidogo kwa kuogopa kanga isifunguke. Watu walielewa kabla sijakaa. Mzee mmoja aliyekuwa kiti cha mbele akainuka.

"Kaa hapa, kijana wangu. Hapo nyuma kuna matuta."

"Mzee, si hivyo, mimi..."

"Hakuna aibu. Mimi nilifanya nikiwa na wajukuu."

Mama mmoja mwenye beseni la sato akasema kwa sauti ya kunihurumia kwamba siku ya tatu ndiyo mbaya, baada ya hapo unasahau. Mwingine akapinga, ya tatu si mbaya, mbaya ni usiku wa kwanza. Wakabishana. Nikaagizwa nisiloweshe, nisinyanyue kitu kizito, ninywe supu. Nilipojaribu kueleza habari za uzio na ndege, konda akanikatiza, "Broo, tulia, ukiongea sana damu inapanda." Akamwambia dereva apunguze kwenye matuta, kuna mgonjwa. Na dereva, ambaye maisha yangu yote sijawahi kuona dereva wa njia ile akipunguza kwenye kitu chochote, akapunguza. Nauli wakakataa.

Hapo nikanyamaza. Kueleza kwamba nimekamatwa na jeshi au kukubali kwamba nimetahiriwa, nikapima, nikachagua kisu. Nilishuka Pasiansi nikichechemea kidogo, kwa heshima ya wale waliosumbuka.

Habari ilikuwa imeshafika kibandani. Fundi mwenzangu alikuwa ameshanitandikia boksi la kukalia, na kwa siku tatu wateja walileta simu na machungwa.

Saa mbili usiku Mayu alipiga kutoka Dar. Kelele za ukoo mzima nyuma yake, watu wanacheka mpaka wanakohoa, nikajua kaanza na saluti. Akasema ndege haina feni, au kama inayo imefichwa. Akasema michembe imepungua, amemwachia mtani wake gao mbili akaonje. Kanga nisiifue kwa sabuni ya unga, itachuja, na nisije nikampa mwanamke wangu, ni doti.

Halafu akasogeza simu karibu na mdomo.

"Mume wangu, ile picha yangu na ndege mbona haijafika?"