Swali Lililopanda Skrinini na Picha Yangu

Ninajua kwamba wengi wenu mmekwisha kuiona picha ile ya skrini, kwa sababu rafiki yangu niliyeketi naye bega kwa bega katika kongamano la waandishi aliisambaza kabla hata kikao hakijafungwa. Picha yenyewe ni ya kweli, wala siikani. Ninachokikana ni maelezo aliyoyaambatanisha nayo, hasa pale anapodai kwamba nilizimia. Sikuzimia. Niliinama chini ya kiti kutafuta kalamu, na kwamba sikuwa nimekuja na kalamu yoyote ni suala jingine.

Wakongwe wa makongamano mtakumbuka jinsi maswali yalivyoulizwa zamani. Kipaza sauti kilipitishwa mkono kwa mkono hadi kikamfikia bwana mmoja aliyedai kuwa ana swali fupi, kisha ukumbi mzima ukasikiliza hotuba isiyokuwa na alama ya kuuliza popote. Wenye haya waliandika kwenye vikaratasi vilivyopelekwa mezani, na mwenyekiti alipokutana na upuuzi aliukunja taratibu, akautia mfukoni, na heshima ya mwandikaji ikabaki salama humo. Sikuwahi kufikiri kwamba mfuko wa mwenyekiti ulikuwa nguzo ya fasihi.

Siku hizi mambo ni mengine. Tangu janga la UVIKO-19 lilipotufungia ndani mwaka 2020 na mikutano ikahamia mtandaoni, makongamano mengi yamebaki na sura mbili, huku baadhi ya wahudhuriaji wakiwa ukumbini na wengine wakifuatilia kutoka nyumbani kwao. Ili wote wapate nafasi sawa, maswali hutumwa kwa simu. Pale mlangoni unaelekeza kamera kwenye msimbo wa QR, ule mraba wa madoadoa uliobuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, na papo hapo ukurasa wa kongamano unafunguka. Unaandika swali lako, wenzako wanalipigia kura kwa kugusa alama ya dole gumba, na lenye kura nyingi linapanda hadi juu kabisa ya skrini kubwa iliyo nyuma ya wanajopo. Ni utaratibu wa haki, nami ninausifu hata leo, ila haki hiyo haina mfuko.

Mada ya kikao ilikuwa kazi nzuri zisizosomwa, na niliona kwamba katika mada hiyo mimi ni mtaalamu. Nilisubiri kwa adabu riwaya yangu itajwe. Wanajopo walizitaja za wenzangu, moja baada ya nyingine, na hata yule aliyejiunga kwa video, ambaye uso wake uliganda kila alipofikia hoja ya maana, aliganduka na kutaja za wengine. Hapo ndipo nilipotoa simu na kuandika, kwa lugha ya mtu wa kando asiye na maslahi yoyote: “Je, wanajopo wana maoni gani kuhusu riwaya hii, ambayo wasomaji makini wanaihesabu miongoni mwa kazi zilizopuuzwa mno katika kizazi chetu?” (Mnaonifahamu mnajua kwamba wasomaji makini hao ni mimi na mama yangu, na mama hajavuka sura ya nne.)

Maswali yote yaliyotangulia yalibeba maneno “Mshiriki asiyetajwa”, nikadhani kwamba hivyo ndivyo mfumo ulivyo. Kumbe anayetaka kufichwa jina hugusa kwanza kisanduku kidogo kilicho chini ya swali, na asiyekigusa huchapishwa jinsi alivyojisajili. Mimi nilikuwa nimejisajili kwa jina langu kamili, na kwa ile picha niliyopigwa kwa ajili ya jalada la kitabu, nimeshika kidevu na kutazama mbali kana kwamba ninauona mustakabali wa fasihi.

Swali lilianza chini kabisa. Kisha likapata kura 4, zikawa 19, zikawa 52, nami nikamwinamia rafiki yangu nikamnong’oneza kwamba bado wapo watu wanaojali vitabu. Hakunijibu. Aliinua kidole polepole kuelekea jukwaani, nikafuata kidole hicho, na kule juu ya vichwa vya wanajopo nikajiona, mkubwa kama mlango, nimeshika kidevu. Jambo la kusikitisha ni kwamba kule kitini pia nilikuwa nimeshika kidevu.

Nilikimbilia kulifuta. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na kidole changu kilichojaa jasho kiliteleza kutoka kwenye kitufe cha kufuta kikatua kwenye dole gumba. Kura zikawa 53. Wakati huohuo mwongoza mjadala, mtu mwenye sauti nzuri na asiye na haraka hata kidogo, alianza kulisoma swali, akiwa ameanza na jina langu, na maandishi ya papo kwa papo yakawa yanapita chini ya skrini kwa faida ya yeyote ambaye hakusikia vizuri. Alipofika kwenye “wasomaji makini” alinyamaza, akakohoa, akarudia. Kisha, kutoka nyumbani kwake, mshiriki mmoja wa mtandaoni akatuma ujumbe uliopanda moja kwa moja chini ya picha yangu: “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Ujumbe huo ulipata kura nyingi kuliko swali langu. Hapo ndipo kalamu ilipoanguka.

Mengine hayana urefu. Wanajopo walisema kwamba hawajaisoma, yule wa kwenye video aliganda kwa wakati mwafaka, na rekodi ya kikao imetumwa kwa kila aliyejisajili. Mezani pa vitabu niliuza nakala mbili. Moja ilinunuliwa na rafiki yangu huyohuyo, naye akasisitiza kwamba nimtilie saini kwa jina la Mshiriki Asiyetajwa.