Kiungo cha Manchester United: Bruno mmoja, mapengo mawili

Mabao 44 katika mechi 38. Hayo ndiyo mavuno ya Manchester United kwenye Ligi Kuu ya England msimu wa 2024/25, msimu walioumaliza nafasi ya 15 na pointi 42. Tangu Ruben Amorim alipopokea mikoba ya Erik ten Hag Novemba 2024, ubishi wa vibanda umiza ulikuwa uleule: tatizo ni mfumo au ni wachezaji?

Waliomnyooshea kidole kocha walikuwa na hoja nzito. 3-4-2-1 yake (mabeki watatu, wanne mbele yao wakiwemo wawili wa pembeni, kisha wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja) iliweka viungo wawili tu katikati, wakati wapinzani wengi walikuja na watatu. Mmoja alibaki huru, na wale wawili walikimbia huku na kule bila kumfikia. Casemiro kasi ilishapungua. Manuel Ugarte ni hodari wa kupoka mpira, lakini akishaupata huurudisha nyuma. Basi mabeki watatu walipasiana wenyewe kwa wenyewe, hadi mmoja akachoka na kumpigia mpira mrefu mshambuliaji Rasmus Højlund aliyeligeuzia lango mgongo. Højlund alimaliza ligi na mabao manne, akatukanwa kweli kweli, ingawa ni mara chache alipigiwa pasi ya kukimbilia.

Halafu kuna suala la kiungo Kobbie Mainoo. Kijana huyu anaweza kupokea mpira akiwa amebanwa, akageuka nao. Februari 2025, dhidi ya Crystal Palace, Amorim alimchezesha mbele kabisa kama mshambuliaji. United wakalala 2-0 nyumbani. Hapo kocha hana wa kumsingizia.

Upande wa pili, waliolaumu wachezaji, nao haukuwa na maneno matupu. Kwa mfumo huohuo Amorim aliipa Sporting ubingwa wa Ureno 2021 na 2024. Na Ten Hag, aliyetumia mabeki wanne na namba kumi halisi (kiungo mshambuliaji), aliondoka timu ikiwa ya 14, na mabao manane katika mechi tisa za ligi. Ukame ulikuwepo kabla ya mabeki watatu. Kambi hii ilipenda pia kumtaja Scott McTominay, aliyeuzwa Napoli, akatwaa ubingwa wa Italia na tuzo ya mchezaji bora wa Serie A. Mimi hoja hiyo hainishiki sana: McTominay ni mtu wa kuingia kwenye boksi kumalizia. Kutengeneza si kazi yake.

Kilichokosekana United, kwa jicho langu, ni ile pasi inayotangulia pasi ya bao: ya kuutoa mpira miguuni mwa mabeki na kuuvusha mstari wa kwanza wa wakabaji. Aliyeiweza kwa uhakika ni Bruno Fernandes, na ndiye huyohuyo aliyetegemewa kwa pasi ya mwisho. Aliposhushwa namba nane, yaani kiungo wa katikati, mpira ulitoka nyuma vizuri, lakini mbele hakukuwa na Bruno wa kuupokea. Alipopandishwa namba kumi, aliusubiri mpira usiofika.

Fainali ya Europa League kule Bilbao, Mei 21, 2025, ililionyesha hilo wazi. Bruno alianza chini pamoja na Casemiro, huku Mason Mount na Amad Diallo wakiwa mbele yao. United wakamiliki mpira sehemu kubwa ya mchezo, wakafungwa 1-0 na Tottenham, bao la Brennan Johnson. Tottenham hao walimaliza ligi nafasi ya 17, na usiku ule hawakuwa na James Maddison, Dejan Kulusevski wala Lucas Bergvall, wote majeruhi. Hawakuwa wabunifu kuliko United. Ila wao walishafunga, wakakaa nyuma, na jukumu la kubuni likabaki kwa timu isiyoweza kubuni.

Kiangazi kilichofuata klabu iliwasajili Matheus Cunha, Bryan Mbeumo na Benjamin Šeško. Wote ni watu wa mbele. Kiungo wa kati hakuletwa hata mmoja.