Kwa jua la Dodoma, nunua mkanda wa ISO 100

Wanaoanza na kamera za mkanda hukimbilia ISO 400 kwa sababu ndiyo inayosifiwa mitandaoni. ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga: namba ikipanda, mkanda unahitaji mwanga mdogo zaidi. Kwa Dodoma naona huko ni kutupa hela. Sifa hizo nyingi zinatoka nchi za mawingu. Hapa mvua zikishakatika Aprili, tunakaa na jua hadi karibu Desemba, na jua hilo hatulilipii.

Chukua kamera ya Zenit-E. Shata yake inaishia 1/500 ya sekunde, na lenzi ya Helios 44-2 inafungwa hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo). Kanuni ya jua kali ni f/16, huku shata ikikaribiana na moja chini ya ISO, yaani 1/500 kwa ISO 400 na 1/125 kwa ISO 100. Kwa hiyo ukiweka mkanda wa 400 saa sita mchana pale Nyerere Square, unabaki na f/16 kwa 1/500 na huna pa kwenda. Ukitaka kufungua tundu ili uso wa mtu ujitenge na vurugu za nyuma yake, haiwezekani. Ukiwa na ISO 100, mwanga huohuo unakupa f/11 kwa 1/250 au f/8 kwa 1/500. Mtu akiingia kivulini chini ya mwembe, fungua hadi f/4 kwa 1/125 na uso utasomeka vizuri.

Kwa nyeusi na nyeupe, ningenunua Fomapan 100 ya Jamhuri ya Czech au Kentmere 100, ambayo inatengenezwa na Harman wa Uingereza, haohao wanaotengeneza Ilford. Fomapan 400 iache. Kasi yake halisi inakaribia 200 au 250, kwa hiyo ukiipiga kwa 400 vivuli vinatoka vitupu. Kwa rangi, Kodak Gold 200 au ColorPlus 200 zinatosha kabisa. Ila kumbuka rangi inasafishwa kwa dawa zenye joto la nyuzi 38 bila kuyumba, wakati nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani kwa nyuzi 20 na kidogo.

Bei ya mkanda peke yake inadanganya. Jumlisha mkanda, usafirishaji na kusafisha, halafu gawa kwa idadi ya picha. Wa picha 24 unaonekana nafuu, lakini mara nyingi kusafisha kunatozwa kwa mkanda, si kwa picha. Usipouzwa chini ya theluthi mbili ya bei ya ule wa 36, umepunjwa.

Mikanda iliyopita muda inahitaji macho. Kwa negativu za rangi, watu huongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili, kwa kila miaka kumi: mkanda wa 200 uliokwisha muda miaka ishirini iliyopita unaupiga kama 50. Hesabu hiyo inafaa kama ulitunzwa mahali pa baridi. Uliokaa dukani chini ya bati la Dodoma rangi zake zimeshayumba, na hakuna hatua ya mwanga itakayozirudisha. Nyeusi na nyeupe ya kasi ndogo huvumilia zaidi. Mkanda wa slaidi, ule unaotoa picha ya rangi halisi badala ya negativu, ukipita muda usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Unafuu wa kweli uko kwenye bunda la mita 30.5, mkanda mrefu unaoukata na kuupakia mwenyewe. Mkanda wa picha 36 unakula kama mita 1.65 pamoja na kichwa na mkia, kwa hiyo unapata mikanda 18. Gawa bei ya bunda kwa 18 kabla ya kulipa, maana si kila kampuni inashusha bei kwa bunda. Utahitaji kisanduku cha kupakia na makopo ya kufungua na kufunga, yale yanayoingia na mkanda ndani ya kamera. Wanne au watano mkichangia, mzigo unakuwa mwepesi.

Adui hapa ni vumbi. Kwenye mdomo wa kopo kuna mahameli nyeusi ya kuzuia mwanga. Chembe moja ya vumbi letu jekundu ikinasa pale, inachora mstari ulionyooka kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kabla ya kila upakiaji, bandika selotepu juu ya mahameli na uibandue, mara mbili tatu, mpaka itoke safi. Jingine: mkia unaobandikwa kwenye kijiti cha ndani unapigwa na mwanga wakati wa kupakia, kwa hiyo picha ya mwisho huungua. Usiweke pale picha ya bibi harusi.

Ukimwagiza mtu anayekuja kwa ndege, abebe mikanda mkononi na aombe ikaguliwe kwa macho. Mionzi ya kukagua mizigo ya chini huiunguza, na mashine mpya za mionzi za CT za mizigo ya mkononi nazo si salama. Ikifika, weka kwenye friji ikiwa ndani ya makopo yake ya plastiki. Siku ya kupiga, itoe saa mbili kabla na usifungue kopo hilo la plastiki mpaka lipoteze ubaridi, la sivyo umande utashika kwenye mkanda.