Maelezo Rasmi ya Mtu Aliyedhaniwa Kuwa Sanamu

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuisambaza ile video yangu ya makumbusho katika kundi la ukoo, kundi la kwaya na kundi la wauza mbao wa Mafinga, na kwa kuwa tangu jana jioni ninapokea salamu za Kihehe kutoka kwa watu ambao hawajawahi hata kupita Iringa, nimeona ni vema nieleze mwenyewe kilichotokea kabla habari hiyo haijafika Makambako na kuongezewa chumvi nyingine. Nianze kwa kukanusha mambo mawili. Sikuwa nimelewa, ulanzi ulikuwapo mezani, sikatai, lakini mbeta iliyowekwa mbele yangu niliirudisha ikiwa imejaa, na mamamkwe ni shahidi. Pili, sikusimama na kutangaza kwamba mimi ndiye Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nilitamka maneno matatu tu, nayo nitayafikia.

Mnaonifuata humu mnajua kwamba nimeoa Uhehe, na kwamba mimi ni mtu wa Tanga ambaye mwili wake haujapata kuelewana na Iringa kuanzia mwezi wa tano. Babamkwe aliniona asubuhi ya jana nikitetemeka mbele ya chai, akaingia chumbani bila kusema kitu, akatoka na mgolole wake mwenyewe, akanifunga begani kwa mikono yake, kisha akanikabidhi na fimbo. Mkwe anapovishwa na babamkwe wake mbele ya ukoo mzima hawezi kusema kwamba angependelea jaketi. Nilishukuru, nikapigiwa vigelegele, nikaingia garini nikiwa nimefanana na mzee wa baraza.

Ziara yenyewe aliipanga yeye, baada ya kugundua kwamba wajukuu zake wanawataja wachezaji wa Ulaya kwa namba za jezi lakini hawajui Lugalo, mahali Wahehe walipowapiga Wajerumani, ni kitu gani. Juzi tulikuwa Isimila, tukashuka korongoni kutazama zana za mawe zilizotengenezwa na binadamu wa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, na ile minara ya udongo iliyochongwa na mmomonyoko. Kushuka kulikuwa kuzuri. Kupanda sitakueleza, isipokuwa kwamba babamkwe, mwenye umri wa kupewa kiti kwenye basi, alinisubiri juu akiwa amekwisha kupoa jasho.

Jana asubuhi ikawa zamu ya Kalenga, yalikokuwa makao ya Mkwawa. Mbele ya kabati la kioo lenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mzee alivua kofia, akatupanga mstari kwa kufuata umri, nami nikawekwa nyuma ya kitinda mimba wangu kwa maelezo kwamba katika historia ya Uhehe mimi ndiye mchanga kuliko wote. Akaeleza jinsi boma la Kalenga lilivyoangushwa na jeshi la Wajerumani chini ya von Schele Oktoba 1894, jinsi Mkwawa alivyowindwa msituni kwa miaka mingine karibu minne hadi alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na jinsi kichwa chake kilivyopelekwa Ujerumani. Waliomshinda Mjerumani waliandika katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba fuvu hilo lirudishwe, lakini likakaa huko hadi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolileta mwaka 1954. Baada ya hapo mzee akatutungia maswali ya papo hapo. Nilipoulizwa mwaka fuvu liliporudi, nilijibu 1945. Hakunikemea, alimtazama binti yake tu, kwa muda mrefu kidogo. Tangu dakika hiyo kila tarehe iliyotoka kinywani mwake niliikariri kwa moyo, na jambo hili lina umuhimu wake huko mbele.

Lina umuhimu pia somo la mamamkwe, ambalo nimekuwa nikilipata tangu siku ya mahari. Mkwe asiyeitikia salamu, anasema mama, ni mkwe aliyekwisha kufunga mizigo. Ukisikia "Kamwene", hata kama umelala, itikia "Kamwene". Hayo maneno ya "hata kama umelala" ni ya kwake, sijayatia mimi.

Tulipomaliza chakula cha mchana, yaani ugali wa kutosha kujengea na kuku wa kienyeji, tukaenda kwenye makumbusho moja ya historia ya mkoa, ambayo sitaitaja kwa sababu bado ningependa kuruhusiwa kuingia. Wenzangu walipokuwa chumba cha mbele, mimi nilijivuta hadi kile cha nyuma, chenye mwanga hafifu, ambako wamepanga vitu vya nyumba ya Kihehe ya zamani: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vibuyu, na vile vikapu vya milulu vilivyosukwa hadi ukadhani havipitishi maji. Mlinzi wa chumba aliniona ninavyochechemea, akanihurumia, akanipa kigoda chake, akatoka kwenda getini. Kigoda kilikuwa kati ya kinu na vibuyu. Nikaketi, nikaegemeza kidevu juu ya fimbo, nikajifunika mgolole vizuri, na usingizi wa korongo la Isimila ukanichukua.

Kilichoniamsha ni sauti ya mwanamke ikisema, "Sogeeni, msiguse, na huyu ndiye mzee wa kaya."

Sikufumbua macho. Nilisikia viatu vingi vidogo vikikwaruza sakafu, nikasikia masweta yakisuguana, nikaelewa kwamba darasa zima la shule ya msingi limesimama mbele yangu na kwamba "huyu" ni mimi. Hapo ndipo ningeweza kukohoa kistaarabu, nikasema "karibuni", tukacheka wote, yakaisha. Lakini hesabu niliyoipiga gizani nyuma ya kope zangu ilikuwa hii: nikijitikisa sasa, watoto wataruka roho, mwalimu ataaibika mbele ya wanafunzi wake, na babamkwe, ambaye sauti yake ilikuwa chumba cha pili, atafika kukuta mgolole wake umezua taharuki. Nikitulia, wataandika walichotakiwa kuandika na kuondoka. Nikatulia. Nikaanza kupumua kwa kuiba.

"Mwalimu, huyu ni Mkwawa?" aliuliza mtoto mmoja.

"Hapana," mwalimu akajibu bila kusita. "Huyu ni mzee wa kawaida tu."

"Mbona ana kitambi?"

"Zamani chakula kilikuwa kingi."

Kalamu zikasikika zikiandika. Naomba mlifikirie hilo, ndugu zangu: katika madaftari kadhaa ya wilaya hii kitambi changu kimeingia kama ushahidi wa hali ya chakula kabla ya ukoloni.

Mwalimu akaendelea na vita. Alieleza vizuri, lazima nikiri, jinsi msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulivyoviziwa Lugalo na yeye mwenyewe kuuawa hapo. Kisha akasema ilikuwa mwaka 1894. Nilihisi ulimi unainuka wenyewe mdomoni. Tarehe 17 Agosti 1891! Nilikuwa nimeikariri asubuhi ile ile kwa uchungu, ilikuwa ndiyo tarehe pekee niliyokuwa na uhakika nayo maishani mwangu ukiacha ya ndoa, na sasa nilipaswa kuimeza kwa sababu sanamu haimsahihishi mwalimu. Niliimeza. Machozi yakanilenga, na bahati nzuri macho yalikuwa yamefumbwa.

Wakati huo kidole kikatua juu ya mkono wangu ulioshika fimbo. Kilikuwa kidogo, cha moto, kina chumvi ya karanga. Kilisugua kifundo cha kidole changu polepole, kikarudi, kikasugua tena, kisha kikapanda hadi kwenye kidevu na kuanza kuhesabu ndevu. Mwenye kidole akanong'ona, "Mwalimu, wamemtengeneza na mvi." Mwingine akasema, "Na saa amevaa." Pakawa na kimya ambacho sitakisahau. Mwalimu akasema kwamba wataalamu wa makumbusho hupenda kuchanganya ya kale na ya sasa, na ninamheshimu mpaka leo kwa jibu hilo.

Nilidhani tumemaliza. Nikasikia madaftari yakifungwa. Ndipo mwalimu huyo, ambaye laiti angeishia hapo leo ningekuwa mtu wa kawaida tu kweli kweli, alipoamua kuongeza somo la maadili.

"Kabla hatujatoka, mtoto mwenye heshima anamsalimiaje mzee? Nani atamsalimia babu kwa Kihehe?"

Mwenye kidole akajitolea. Nilisikia goti lake likigusa sakafu. "Kamwene, babu," akasema, kwa sauti ndogo na nzuri.

Mwili wangu wote ulitaka kuitikia. Niliuma meno, nikakaza vidole juu ya fimbo, nikamfikiria mamamkwe, nikaomba msamaha kimoyomoyo. Sekunde zikapita. Niliishinda salamu ile, na hakuna atakayeninyang'anya ushindi huo.

"Mzee hasikii vizuri," mwalimu akasema kwa furaha. "Wote kwa pamoja!"

"KAMWENEEE!"

"Kamwene!" nikaitikia.

Ilitoka nzito, kamili, ikiwa na mwangwi wa chumba kizima. Nikafumbua macho, nikakutana ana kwa ana na mtoto aliyepiga goti, uso wake ukiwa shibri moja kutoka kwangu, na mdomo wake umebaki wazi katika ile "e" ya mwisho. Tulitazamana. Alikuwa na karanga moja kwenye jino. Kwa dhamira njema kabisa ya kumtuliza nikamwambia, "Usiogope, mjukuu," na hilo ndilo lililomaliza kila kitu.

Mengine ni ya haraka. Mwalimu alifika mlangoni kabla ya darasa lake, watoto walimfuata, kiatu kimoja kilibaki na kilirudishwa kwa mwenyewe. Hakuna kibuyu kilichovunjika, na naomba hilo liwekwe katika kumbukumbu. Mlinzi alieleza, mimi nikaeleza, soda zikanunuliwa getini kwa gharama zangu, mwalimu akacheka hadi akakaa chini, na babamkwe akatumia nafasi hiyo kumsahihisha tarehe ya Lugalo. Shemeji, kumbe, alikuwa amesimama mlangoni na simu yake tangu pale kwenye kitambi.

Mkewangu ameacha kucheka leo saa nne asubuhi, akaanza tena saa tano. Wanaoomba video kamili wamwombe mwenye nayo, na wanaoniandikia "Kamwene babu" kwenye maoni wajue kwamba ninawasoma na siwaitikii. Mwenye kuijua njia ya kumkatalia babamkwe bila kumkosea adabu ndiye ninayemhitaji: amechagua ile picha ambayo mtoto ananihesabu ndevu, ameipeleka kwa fundi wa fremu, na amekwisha kupigilia msumari sebuleni, juu kidogo ya picha yetu ya harusi.