Ni Kubonyeza Tu, Mwalimu

Mtu wa kwanza kusema "ni kubonyeza tu" simjui, lakini ningemjua ningemwalika nyumbani kwangu Bweyogerere, nimkalishe mbele ya kompyuta yangu, nimfungulie faili 11 za kitabu chetu cha mazoezi ya Kiswahili, kisha nimwambie abonyeze. Chai ningempa. Chakula cha usiku pia ningempa, kwa sababu angekihitaji, na huenda ningemwazima hata godoro.

Kitabu chenyewe kilianza kwa nia njema. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi wa Julai 2022 na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, sisi walimu tumekuwa tukiulizana vitabu vitatoka wapi, na baada ya kuulizana kwa muda mrefu, sita kati yetu tuliamua kutunga cha kwetu. Kila mmoja alichukua sura zake akaenda kuziandikia kwake. Mimi, kwa kosa la kuwahi kuonekana nikichapa barua bila kutazama vidole, nilikabidhiwa jukumu la kuziunganisha.

Siku mswada ulipokamilika, Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu katika mambo yote isipokuwa kompyuta, aliupekua ukurasa kwa ukurasa, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasema: "Mwalimu, maandishi haya yanafanana na abiria waliokutana kwenye paki ya teksi, kila mmoja na safari yake. Yaweke yote katika Times New Roman, saizi 12. Ni kubonyeza tu."

"Sawa, Mzee," nikajibu, na kwa jibu hilo nikapoteza wiki mbili za maisha yangu.

Sikatai kwamba alisema kweli. Nilipozipanga zile faili nikagundua kuwa fonti, yaani umbo la herufi, hufichua umri wa kompyuta ya mtu bila hata kumuuliza. Mwenzetu aliyeleta sura za kwanza katika Times New Roman bado anatumia mashine ya kale, iliyotangulia mwaka 2007, Word ilipohamia Calibri. Watatu, nikiwemo mimi, tulikuwa watu wa Calibri saizi 11, kwa kuwa hatukuwahi kuigusa ile iliyokuja na programu. Mmoja aliyenunua kompyuta mpakato hivi majuzi alileta Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuifanya chaguo-msingi mwaka 2023, na tangu hapo anatutazama sisi wengine kwa huruma. Wa mwisho, kijana asiyependa kulipia programu, alileta Liberation Serif kutoka LibreOffice. Hiyo ndiyo hatari kuliko zote, maana ilitengenezwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule wa herufi za Times New Roman, nawe ukiipitisha macho upesi unadhani hapo kazi imekwisha.

Nilianza kama anavyoanza kila mtu asiyejua yatakayomkuta: nikafungua faili ya kwanza, nikabonyeza Ctrl na A, maandishi yote yakageuka rangi kuonyesha kwamba yametekwa, nikachagua fonti, nikachagua saizi, nikahifadhi. Faili kumi na moja, dakika tano. Nikamwambia mama watoto kwamba Mzee ana haki, kazi hii ni nyepesi, nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mjinga.

Aliyewahi kupambana na kunguni ataelewa nilichokikuta asubuhi. Unapiga dawa kitanda, unaanika godoro juani, unajipongeza, na usiku ule ule wanatoka kwenye kiti. Ile amri ya kuchagua vyote haichagui vyote. Inachagua maandishi ya kawaida ya ukurasa na kuviacha vijajuu, vijachini, tanbihi na visanduku vya maandishi vikiwa kama vilivyokuwa. Juu ya kila ukurasa jina la kitabu lilikuwa bado Calibri. Chini, namba za kurasa zilikuwa Aptos. Tanbihi zilibaki na fonti zake kama wazee waliokataa kuhama kijiji. Kulikuwa na chati moja katika sura ya nane, yenye nguzo nne zinazoonyesha idadi ya maneno ya kila ngeli, na maandishi yaliyo ndani yake hayakujali lolote nililofanya nje yake.

Na pale ambapo amri ilifanya kazi, ilifanya kazi kupita kiasi. Mwenzetu mmoja mwenye moyo wa upole alikuwa ameweka vikatuni vya nyuso mwishoni mwa mazoezi, uso wa tabasamu kwa mtoto aliyepata na uso wa huzuni kwa aliyekosa. Sikujua kwamba nyuso hizo hakuzichora. Aliandika herufi J na kuivika fonti ya Wingdings, ambamo J ni tabasamu, kisha akaandika herufi L, ambayo humo ni huzuni. Nilipowavua watu wote nguo zao na kuwavika Times New Roman, tabasamu zikarudi kuwa J na huzuni zikarudi kuwa L. Katika kitabu kizima mtoto aliyefaulu akawa anaambiwa "Hongera sana J" na aliyeshindwa "Jaribu tena L". Mwanangu wa darasa la tano alisoma ukurasa mmoja akaniuliza kwa nini J ndiye anayepongezwa kila siku, na L ni mtoto wa nani.

Hilo la J niliweza kulicheka baada ya siku kadhaa. La ng'ombe sijaweza. Kiswahili, kama tujuavyo, kinahitaji kale kakoma ka juu katika maneno ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, na sisi watunzi sita tulikuwa na njia tatu za kukaandika. Walioandika kwa Word walipata koma iliyopinda kama mkia wa mbuzi, kwa sababu programu yenyewe huipinda. Aliyeandika sura yake kwenye simu akiwa ndani ya foleni ya magari alileta iliyosimama wima kama msumari. Na mmoja, ambaye hadi leo sijamtambua, alitumia kile kialama kilicho pembeni kabisa ya kibodi, juu kushoto, kinachoinamia upande usiofaa. Katika Calibri, kwa saizi ndogo, tofauti hizo hazikunisumbua. Katika Times New Roman, mkia una kichwa kinene cha wino na msumari umekonda, kwa hiyo katika zoezi moja la kuandika wingi nilikuwa na ng’ombe, ng'ombe na ng`ombe, kundi moja lenye pembe za namna tatu. Fonti haina dawa kwa jambo hili, kwani hizo ni herufi tatu tofauti. Fonti hubadilisha nguo, haibadilishi mtu aliye ndani. Niliwatafuta ng'ombe hao mmoja mmoja. Wahima, wafugaji wetu wa ng'ombe, wana subira kuliko mimi.

Kisha kurasa zikaongezeka. Nilikuwa nimemhakikishia Mzee kwamba zitapungua, kwa sababu nilijua Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, na gazeti halipendi kupoteza nafasi. Nililosahau ni kwamba tulikuwa tunatoka Calibri saizi 11 kwenda saizi 12. Kitabu kilichokuwa na kurasa 286 kikawa na kurasa 306, na kwa kuwa mchapaji hupanga kurasa 16 kwenye karatasi moja kubwa, tulitoka 288 tukaenda 320, nyingine zikiwa tupu mwishoni, labda kwa ajili ya mtoto kuchorea. Vile vistari vya kujazia majibu, ambavyo watunzi walivitengeneza kwa kugonga nukta mara sitini, vilimwagika mstari wa pili. Vichwa vya sura vilivyowekwa katikati kwa kugonga kitufe cha nafasi vilisogea kulia kama walevi wanaotafuta ukuta. Orodha ya yaliyomo, iliyochapwa kwa mkono, iliendelea kudai kwamba ngeli ya KI-VI iko ukurasa wa 41.

Dawa ipo, na ni aibu kwamba niliijua muda wote. Katika Word kuna kitu kiitwacho mitindo: unasema mara moja kwamba maandishi ya kawaida ni haya, kichwa ni hiki, tanbihi ni hii, na siku ukitaka kubadilisha fonti unaubadilisha mtindo mmoja, na maandishi yote yaliyo chini yake yanatii. Lakini mtindo unatii mpangilio wa mkono. Ukiwa umeshika kichwa cha sura ukakinenepesha na kukikuza wewe mwenyewe, amri yako ya mkono inaushinda mtindo, na hakuna hata mmoja kati yetu sita aliyewahi kuandika kichwa kwa njia nyingine. Nami nimo, tena vichwa vya sura zangu ndivyo vilivyokuwa vibaya kuliko vyote. Isitoshe, kila faili hubeba mitindo yake. Ukiirekebisha ya kwanza, ya pili haina habari. Ilinibidi nitengeneze kiolezo kimoja, nizipitie faili zote 11 nikifuta mapambo ya mkono na kuvika kila aya mtindo wake, na kila nilipofuta mapambo nikafuta pia italiki za mifano, ambazo nilizirudisha nikiwa nimeshika nakala ya zamani mkono wa kushoto. Umeme ulikatika mara mbili. Mama watoto aliacha kuniuliza ninakuja lini kulala.

Hatimaye nikapeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, ikiwa PDF yenye fonti zake ndani, maana niliogopa kompyuta ya watu isije ikaniazima fonti nyingine kimyakimya. Kijana wa duka akaifungua, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Ssebo, hii ni safi," nami nilikaribia kumkumbatia. Mashine ikaanza kutoa karatasi za majaribio. Zilizoharibika walizitupa kwenye boksi mlangoni, na mimi nikatoka nje kwa muuza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, nikaagiza ya mayai mawili yenye nyanya nyingi.

Akaikunja chapati vizuri, akachukua karatasi kutoka kwenye rundo lake, akaifunga, akanipa. Nilikuwa nimeshamaliza nusu nilipoona, chini ya alama ya mafuta, ukurasa wa 173, zoezi la tatu, na herufi zangu nzuri za Times New Roman zimejipanga kama askari wa gwaride. Nikasoma kwa fahari hadi chini, kwenye tanbihi. Namba yake, ile ndogo inayoning'inia juu, ilikuwa Calibri.

Nikaikunja karatasi ile pamoja na rolex iliyobaki, nikaitia mfukoni, nikapanda ngazi tena.