Mpiga Kinanda Yuko Wapi?

Mpiga picha wa harusi ya mpwa wangu katafutwa mapema. Gauni limejaribiwa mpaka fundi kaanza kujificha. Mpiga kinanda wa kanisani? Kakumbukwa wiki ya mwisho, na kazi ya kumtafuta nikatupiwa mimi, mjomba mtu, eti kwa vile naimba bafuni.

Nikaanza na kijana mmoja anayepiga piano. "Piano na kinanda cha kanisani si vyote vina vibonye vyeupe na vyeusi?" nikamuuliza. Akanitazama kwa huruma. Ogani, ndicho hicho kinanda cha kanisani, anasema, ina safu mbili tatu za vibonye vya mikono, na chini safu nyingine ya miguu. Mikono inapiga yake, miguu inapiga besi yake, na hapohapo uvute virungu vya kubadilisha sauti. Ukiinua kidole, sauti imekatika, haining'inii. Halafu kumbe wana viatu vyao maalumu, soli nyembamba! Nikashika njia.

Nikampata wa ogani kwelikweli. Hata tarehe hakuiuliza kwanza. "Bibi harusi ni mchelewaji?" Nyie mabibi harusi mnadhani kuchelewa ni siri yenu na mpambaji. Kumbe mpiga ogani kakaa kuupa mgongo mlango, anauzungusha wimbo uleule, jicho kwenye kioo kidogo kilichobandikwa juu ya kinanda, anachungulia kama gauni limetokea.

Tukafika kwenye nyimbo. Mpwa anataka ule wa mtunzi Wagner wa kuingilia, taa, ta-ta-taa. Mpiga ogani akaguna. Ule umetoka kwenye opera, yaani mchezo wa kuimbwa, ya Lohengrin, ya mwaka 1850, na humo unaimbwa maharusi wakisindikizwa chumbani, ndoa imeshafungwa. Usiku huohuo bibi harusi anauliza swali alilokatazwa asiliulize maisha, basi, ndoa kwisha. Mapadri wengine hawataki hata kuusikia. Afadhali ule wa kutokea wa mtunzi Mendelssohn, wa mwaka 1842. Nao ni wa mchezo wa kuigiza, wa Shakespeare, lakini ulishika chati binti wa Malkia Victoria alipoolewa nao mwaka 1858, na yule walau alidumu na mumewe mpaka kifo.

Nikampelekea mpwa habari zote hizo, na ile ya swali nikaikazia. "Anko, weka huohuo wa Wagner, ndio watu wanaoujua." Haya. Bwana harusi ajiandae kuulizwa.

Nilipodhani nimemaliza, kanisa likanikumbusha kwamba lina mpiga kinanda wake. Ukileta wa nje, wa ndani naye analipwa. Kwa kazi gani? Kwa kutopiga! Kiti ni chake, ukikikalia umelipia. Sikubisha, utaratibu ni wa watu. Ila mimi nimekaa hapa tangu asubuhi napiga simu, na kinanda sijakigusa hata kidogo, sasa bahasha yangu naidai kwa nani?