Amoksilini za Buku: Hesabu na Dhamira Katika Duka la Dawa

"Nipe amoksilini za buku." Kila mtoa dawa katika duka la dawa muhimu Tanzania ameisikia kauli hiyo. Amoksilini ni antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, ya jamii ya penisilini. Mteja hana cheti cha daktari na haelezi anaumwa nini, na elfu moja yake haitoshi dozi. Dozi ya kawaida ya mtu mzima, miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 5, ni kapsuli 30 za miligramu 250. Kwa buku atapata labda 8 au 10. Mtoa dawa anatakiwa aamue papo hapo, huku kodi ya pango, umeme, ada ya kibali na mshahara wake vikisubiri mwisho wa mwezi.

Wanaotaka akatae wana hoja nzito. Mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kwamba siku itafika penisilini itanunuliwa dukani na yeyote, na asiyejua atameza kidogo, awaache vimelea hai na kuwafundisha kuistahimili dawa. Siku hiyo ilishafika zamani. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa kuliko kwingine kote.

Wanaotaka auze nao hawabahatishi. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yaani yaliyouza dawa zisizohitaji cheti, kwa sababu vijijini na pembezoni mwa miji hakukuwa na famasi. Watoa dawa walifundishwa, na maduka yakaruhusiwa kuweka baadhi ya antibayotiki ambazo maduka ya dawa baridi hayakuruhusiwa. Zahanati ikifungwa jioni, au ikiandika cheti cha dawa ambayo haina, duka ndilo linalobaki. Mtoto wa miezi 8 anayehema mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa miaka 3 anayehema mara 40 au zaidi, anaweza kuwa na nimonia, na kumwambia mama yake arudi Jumatatu na cheti kunaweza kumgharimu mtoto uhai.

Tatizo la mjadala huu ni kwamba unachanganya makosa mawili yasiyolingana uzito. Kosa la kwanza ni kumpa dawa pungufu mgonjwa anayeihitaji. La pili ni kumpa dozi, hata ikiwa kamili, mtu asiyeihitaji kabisa. Tumezoea kulikemea la kwanza na kulifumbia macho la pili, kwa sababu la pili linaonekana safi: amelipa, amepewa kapsuli 30, ameelezwa amalize. Lakini kama ana mafua, virusi havijaguswa na hata kapsuli moja. Dawa imepita tumboni, imeua bakteria dhaifu wasio na kosa, na waliostahimili wamebaki kuzaana na kugawana ustahimilivu wao. Aliyemaliza dozi bila sababu amewapa nafasi hiyo kwa siku 5 nzima. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha makala ya wataalamu wa Uingereza waliohoji kama agizo la "maliza dozi" lina ushahidi wa kutosha kwa maambukizi yote ya bakteria. Hiyo haimpi mteja ruhusa ya kujikatia dozi. Inatuonyesha tu kwamba mtoa dawa anayejisifu kuwa hauzi nusu dozi, huku akimuuzia kila mwenye makamasi dozi kamili, hajaitua dhamira yake.

Kuna dawa ambazo hazina mjadala. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku 3, na kipimo cha pili kinamezwa saa 8 baada ya cha kwanza. Homa mara nyingi inashuka siku ya pili wakati vimelea bado wamo, kwa hiyo kukata pakiti ni kumwandalia mgonjwa homa ya pili. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi haongezewi antibayotiki, anapelekwa kupima kifua kikuu, ambacho hupimwa na kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Ukimuuzia antibayotiki ya siprofloksasini atapata nafuu ya muda, kwa kuwa kundi hilo la dawa linawagusa pia vimelea wa kifua kikuu. Ugonjwa utajificha, na wakati huo anaendelea kuwaambukiza wa nyumbani kwake. Siprofloksasini hiyohiyo ndiyo inayoombwa kila siku kama "dawa ya UTI", maambukizi ya njia ya mkojo, bila mkojo kupimwa, ingawa Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2017 katika kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa uangalizi zaidi.

Na dawa ya umma yenye alama ya GOT (Serikali ya Tanzania) iliyopenyezwa kutoka stoo ya hospitali ni wizi, hata ikiletwa kwa nusu bei.

Sasa fedha, kwa sababu mahubiri yasiyo na hesabu hayamsaidii mtu. Tuseme duka linapata wateja 4 kwa siku wanaotaka antibayotiki kwa mafua, na faida kwa kila dozi ni shilingi 1,500. Ukiwakatalia wote umeacha shilingi 6,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 156,000. Kwa duka dogo huo unaweza kuwa mshahara mzima wa mtoa dawa. Ukiwauzia parasetamoli, matone ya chumvi ya puani na maelezo kwamba kikohozi cha mafua kinaweza kuchukua hata wiki 3 kuisha, ila kikifika wiki 2 akapime kifua kikuu, utarudisha sehemu tu ya pesa hiyo. Asiyekiri pengo hili hawatendei haki wanaosimama dirishani.

Ila uaminifu haugharimu sawa kila mahali. Chukua kuhara kwa mtoto. Mama anaomba Flagyl ya maji, ambayo nayo ni antibayotiki, na kwa kuhara majimaji kusiko na damu dawa hiyo haimsaidii mtoto. Anachohitaji ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Ukimuuzia pakiti kadhaa za ORS na zinki ya siku zote, faida yako inaweza kukaribia ile ya chupa ya Flagyl. Kinachoharibika hapa ni maelezo. Pakiti ya lita moja ikikorogwa kwenye kikombe kimoja inakuwa na chumvi nyingi mno, na mtoto anaweza kudhurika badala ya kupona. Muulize mama ana chombo gani nyumbani, kisha umwonyeshe kipimo kwa chupa ya maji. Mwenye damu kwenye choo, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea aende kituoni mara moja.

Na yule mwenye buku ambaye kweli ana cheti cha nimonia? Wengine humpa za siku 2 na kumwekea zilizobaki kwenye bahasha yenye jina lake. Nia ni njema, lakini siku ya tatu anajisikia vizuri na harudi. Naona deni ni bora: dawa yote iende nyumbani, pesa ibaki daftarini. Baadhi hawatalipa, kwa hiyo jumla ya madeni iwekewe ukomo ambao duka linaweza kuupoteza bila kuyumba, na deni litolewe kwa mwenye cheti tu. Bila ukomo huo, huruma ya Januari italifunga duka kufika Juni.

Lakini mara nyingi anayesimama dirishani siye anayeamua. Mmiliki yuko kwenye ajira nyingine mjini, anapiga simu jioni kuuliza mauzo, na mtoa dawa aliyepewa lengo la siku anajua antibayotiki ndizo zinazolifikisha. Kumlaumu yeye peke yake ni uonevu. Mmiliki anayetaka duka la haki aanze na malipo: mshahara usiofungwa na mauzo ya siku, na daftari la waliokataliwa au kuelekezwa kituoni, ili mauzo yakishuka pawe na maelezo badala ya tuhuma za wizi. Anunue antibayotiki kulingana na vyeti vinavyokuja, maana boksi lililokaribia kuisha muda linamsukuma hata mwadilifu. Aongeze zinazouzika bila dhambi: zinki, kondomu, vipimo vya mimba, taulo za kike, sabuni.

Linabaki la jirani, na hapa wanaotetea kuuza wana hoja yao kali kuliko zote: ukimkatalia, anavuka barabara na kununua kwingine, mapato umekosa na usugu umebaki palepale. Hilo ni kweli kwa duka moja. Maduka manne ya mtaa mmoja yakikubaliana mambo machache, kama kutouza siprofloksasini bila cheti, kutokata pakiti ya dawa mseto na kutompa antibayotiki mwenye mafua matupu, mteja hana pa kuvukia. Makubaliano hayo huvunjwa na wa kwanza anayebanwa na kodi. Ndiyo maana yaanze na siprofloksasini, ambayo kukataa kwake kunaeleweka hata kwa mteja, na mafua yafuate maduka yakishaaminiana. Mkaguzi akija aelezwe, ili duka linalovunja lisije likawa ndilo linalonufaika.